Kitabu kilichofichwa chini ya vitenge

"Mwalimu, shikamoo. Naomba unisaidie. Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili hapa Dar es Salaam. Tangu mwezi wa tatu amezama kwenye vitabu vya Kiingereza vinavyoitwa The Hunger Games, aliazimwa na rafiki yake wa shule. Nilipomuuliza vinahusu nini akanijibu bila kupepesa macho: 'Watoto wanapigana mpaka abaki mmoja.' Nilishtuka. Alishamaliza cha kwanza na cha pili. Cha tatu alikuwa amefika katikati nilipomkuta saa saba usiku ndani ya chandarua, anasoma kwa tochi ya simu, macho yamevimba kwa kulia. Nikamnyang'anya vyote, viko kabatini kwangu chini ya vitenge. Siku hizi haongei, anakula kidogo, na juzi alimwambia baba yake kwamba wakubwa wote ni waongo. Wifi yangu ameona ndege wa dhahabu kwenye jalada na mtoto akinyoosha vidole vitatu, akasema hizo ni alama za Freemason, nivichome. Mimi Kiingereza changu ni cha kuunga unga, siwezi kuvisoma nikajua. Halafu mwaka huu nyumbani hatujatulia, bibi yake aliyemlea Morogoro alifariki mwezi wa pili na yeye hakwenda kuzika kwa sababu alikuwa na mitihani. Sitaki kumharibu mtoto. Nivichome, nimrudishie, au nimpeleke hospitali?"

Marahaba, mama. Pole kwa msiba, na pole kwa usiku ule wa saa saba.

Vitabu usivichome. Hicho cha tatu mrudishie, tena wiki hii, ila si kwa kukiweka mezani ukaondoka, nitakueleza namna. Habari ya hospitali inategemea mambo machache utakayoyachunguza mwenyewe, nayo yako huko chini. Lakini kabla ya hayo rudi kwenye maneno yako mwenyewe, usome sentensi moja uliyoipitia mbiombio karibu na mwisho. Bibi aliyemlea alifariki mwezi wa pili. Mtoto hakwenda kuzika. Vitabu vilianza mwezi wa tatu. Umeandika mistari kumi juu ya vitabu na mmoja juu ya bibi. Sikulaumu. Kitabu kinaonekana, kina jalada, kinaweza kufungiwa kabatini. Msiba wa mtoto hauna pa kuushikia.

Mimi sijakutana na binti yako, kwa hiyo siwezi kusema kwa yakini kwamba huzuni yake ni ya bibi na si ya kitabu. Ninachoweza kusema ni kwamba nimevisoma vitabu hivyo vyote vitatu, nimefundisha fasihi sekondari miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye ushauri nasaha, na nikiambiwa mtoto aliyekosa mazishi analia usiku akisoma hadithi hii hasa, sishangai hata kidogo. Ngoja nikusimulie, uone kwa nini.

Kuna nchi ya kubuni inayoitwa Panem, imesimama juu ya magofu ya Amerika Kaskazini. Ina mji mkuu wa kitajiri, Capitol, na wilaya 12 zinazoulisha. Zamani wilaya ziliasi zikashindwa. Kwa adhabu, kila mwaka kila wilaya hutoa kwa kura mvulana mmoja na msichana mmoja wa kati ya miaka 12 na 18. Watoto 24 hutiwa katika uwanja wenye kamera kila pembe, na nchi nzima hulazimishwa kutazama kwenye televisheni mpaka abaki mmoja. Katika Wilaya ya 12, wilaya maskini ya wachimba makaa ya mawe, kura inamwangukia Prim, mtoto wa miaka 12, aliyeandikwa mara moja tu kwenye chungu kizima cha majina. Dada yake Katniss, mwenye miaka 16, anapaza sauti: nitakwenda mimi. Baba yao alikufa mgodini, mama akashindwa kuinuka kwa majonzi, na Katniss ndiye aliyeilisha nyumba kwa upinde na mishale. Vitabu vyote vitatu vinatoka kwenye sauti ile moja ya dada mkubwa asiyekubali mdogo wake achukuliwe.

Kwa hiyo binti yako alipokujibu "watoto wanapigana mpaka abaki mmoja" hakukudanganya, ila alikupa jalada. Hakukupa kitabu. Vijana wa umri huo hufanya hivyo, husema lile la kutisha kwanza waone utafanya nini.

Mwandishi wake, Suzanne Collins, ni Mmarekani aliyekuwa akiandika vipindi vya watoto vya televisheni. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2008, cha pili 2009, cha tatu 2010. Ameeleza kwamba wazo lilimjia usiku mmoja akibadilisha stesheni za televisheni: huku vijana wanashindana kwenye kipindi cha zawadi, huku picha za vita vya Iraq, mpaka vikamchanganyikia akilini. Baba yake alikwenda vita vya Vietnam yeye akiwa mdogo, anajua mtoto anavyosubiri habari. Kingine alichochota ni kisa cha kale cha Wagiriki, cha mji wa Athens uliolazimishwa kupeleka wavulana saba na wasichana saba Krete waliwe na dubwana lenye kichwa cha fahali. Hata jina Panem ni mkate kwa Kilatini, kutoka msemo wa Warumi wa kale: wape watu mkate na michezo, watanyamaza. Hapo ndipo ilipo hasira ya kitabu. Hakisemi kwamba watoto kuuana ni burudani. Kinamwuliza anayekaa sebuleni anatazama, wewe mbona hujazima?

Na kuna jambo dogo ambalo wazazi hawalijui lakini watoto wa Dar wanalikamata mara moja. Kura yenyewe haiko sawa. Mtoto mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake kwenye chungu ili familia ipewe nafaka na mafuta ya mwaka, na majina hayo yanajumlishwa mwaka hadi mwaka. Rafiki wa Katniss, kijana anayelisha wadogo zake, jina lake limo mara 42. Kisheria kura ni ya wote. Ukihesabu, ni ya maskini. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliye kwenye darasa la watu themanini, ambaye atapimwa kwa mtihani uleule na mwenzake aliye na mwalimu wa tuisheni nyumbani, hahitaji kufafanuliwa hapo. Nimewahi kuona darasa zima likinyamaza kwenye ukurasa ule.

Sasa habari ya wifi yako. Mwambie kwa heshima, maana najua anampenda mtoto wa kaka yake. Ndege yule wa dhahabu anaitwa mockingjay. Ndani ya hadithi, Capitol ilitengeneza maabara ndege wa kupeleleza, wanaosikiliza mazungumzo ya waasi na kuyarudia neno kwa neno. Waasi walipogundua wakawa wanawalisha uongo. Mradi ukatupwa, ndege wakaachwa porini wafe, badala yake wakazaana na ndege wengine na kizazi kipya kikawa cha kuimba. Ni nembo ya kitu kilichotengenezwa kwa ubaya kikagoma kufa. Vidole vitatu navyo ni desturi ya Wilaya ya 12, unavigusisha midomoni kisha unavinyoosha, na maana yake imeandikwa kitabuni waziwazi: asante, nakuheshimu, na kwaheri kwa mtu umpendaye. Tena hutumika kwenye mazishi. Shika hilo, nitalirudia.

Wifi yako hayuko peke yake. Huko huko Marekani mwaka 2011 vitabu hivi viliingia kwenye orodha ya Chama cha Maktaba ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ulikuwemo ushetani. Mimi nimekisoma nikitafuta na sikuuona. Hamna ibada yoyote ndani, hamna miungu, hamna hata mtu anayesali. Ukitaka kukilaumu kwa hilo la mwisho nitakuelewa, lakini hilo ni lalamiko jingine.

Na tusijifanye kwamba hadithi za kutisha zimeingia na meli. Nani kati yetu hakulelewa na zimwi linalomeza watoto? Fumo Liongo aliuawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni, naye baba alimfichulia siri hiyo kwa mapenzi. Bibi zetu walitusimulia hayo gizani, tukaenda kulala. Tofauti ni kwamba bibi alikuwepo. Ukitetemeka unashika khanga yake. Binti yako amesoma ya kwake peke yake, ndani ya chandarua, na bibi mwenyewe hayupo.

Kwa nini kinamkamata mtoto wa miaka 14 kuliko kinavyonikamata mimi? Moja, ni umbile la ubongo. Katika umri wa kubalehe sehemu zinazoshughulika na hisia kali zinakuwa zimewaka, huku sehemu ya mbele, inayopima na kutuliza, ikiendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Mtoto anasikia kwa ukali wa mtu mzima lakini breki bado zinafungwa. Mbili, ni namna kitabu kilivyoandikwa. Hakisemi "Katniss alikwenda, akasikia tawi likivunjika". Kinasema "natembea, nasikia tawi linavunjika". Ni nafsi ya kwanza, wakati uliopo, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Msomaji hapewi nafasi ya kusimama pembeni. Ukiongeza saa saba usiku, uchovu, na mwanga wa simu, umetengeneza kilio hata kwa mtu asiye na msiba.

Tatu ni Rue. Huyu ni mtoto wa miaka 12 kutoka Wilaya ya 11, mwembamba, anaruka juu ya miti kama kima, na Katniss anamchukua kama mdogo wake ndani ya uwanja. Anachomwa mkuki. Katniss anamwimbia mpaka anakata roho, kisha anafanya kitu ambacho Capitol haikukitarajia: anachuma maua ya mwituni anamfunika nayo, uso, nywele, jeraha. Halafu ananyoosha vile vidole vitatu. Pale hapana mazishi. Miili inanyakuliwa na chombo kutoka angani. Maua yale ndiyo maziko pekee anayoyapata Rue, na aliyemzika ni msichana aliyekatazwa kuzika.

Umeona sasa? Wifi yako aliona alama ya Freemason. Mimi, kwa kukisia tu, naona mtoto anayefanya mazoezi ya kuaga.

Hapo nikueleze kwa nini nasema kitabu cha tatu kirudi. Cha pili kinaishia na habari kwamba Wilaya ya 12 imeteketezwa kwa mabomu ya moto, haipo tena. Cha tatu kinaanza Katniss akitembea juu ya majivu ya mtaa wao. Katikati yake ndimo palipo pabaya kuliko pote: vita, mateka, na kijana anayempenda Katniss amerudishwa akiwa amevurugwa akili na mateso, anataka kumnyonga. Ukimnyang'anya mtoto kitabu pale, ni kama umemshusha kwenye daladala Jangwani maji yamejaa. Magomeni hajarudi, Fire hajafika. Usiku anaendelea na hadithi kichwani mwake, na kichwa cha mtoto mwenye huzuni hakiandiki mwisho mwema.

Niliwahi kufanya kosa hilo hilo nikiwa mwalimu. Nilimpokonya mwanafunzi riwaya kwenye kipindi, nikaitia kwenye droo ya meza yangu mpaka muhula ukaisha, nikijisifu. Kumbe alikuwa ameshaipata kwenye simu ya kaka yake na kuimaliza wiki ileile. Nilichompokonya ni mtu wa kuzungumza naye, kitabu alikuwa nacho. Kwa hiyo angalia na simu yako pia, mama, huenda hicho cha tatu kimo humo na kabati linalinda vitenge tu.

Lakini sitakuficha kilichoko mbele, usije ukasema nilikutega. Mwisho unauma. (Binti asisome aya hii.) Prim anakufa. Yule mtoto ambaye hadithi nzima ilianza ili aokolewe, anakufa kwa bomu akiwa anahudumia watoto majeruhi, hata miaka 14 hajafikisha. Kuna wasomaji hawajamsamehe mwandishi mpaka leo. Mimi nadhani alikuwa mkweli, maana vita haviheshimu sababu uliyoingia nayo. Katniss baada ya hapo anapoteza sauti, haongei. Anakaa kwenye kiti siku nyingi, haogi. Kinachomfungua ni paka wa Prim, paka mbaya waliyekuwa wakichukiana naye, anayerudi nyumbani akimtafuta Prim. Katniss anamfokea paka kwamba hayupo, harudi tena, na ndipo machozi yanapotoka. Kisha, polepole, yeye na waliobaki wanaanzisha kitabu cha kumbukumbu, kila marehemu na ukurasa wake, na mambo madogo ambayo ingekuwa dhambi kuyasahau.

Yaani nusu aliyoikosa binti yako ndiyo nusu inayozungumzia kunyamaza, kutokula, na namna mtu anavyorudi.

Haya, namna ya kumrudishia. Chagua jioni ambayo haina haraka, baada ya chakula, wewe na yeye tu. Mwombe radhi kwa kumnyang'anya. Usimwombe radhi kwa kumjali. Mwambie: "Nilikuchukulia kitabu kwa sababu niliogopa. Sijui Kiingereza cha kukisoma. Nataka unisimulie." Basi. Udhaifu wako wa Kiingereza ndio utakaokusaidia hapa, maana yeye ndiye atakayekuwa msimuliaji na wewe msikilizaji. Kama kwenu mlizoea "hadithi hadithi", mwitikie "hadithi njoo". Atacheka kwa aibu, mwache acheke. Kila jioni kipande, kwa Kiswahili, kuanzia kitabu cha kwanza, na yeye asome mbele cha tatu mchana kwa kiasi mtakachokubaliana. Mtoto akisimulia jambo kwa mama yake, kwa lugha ya nyumbani, lile jambo linatoka kwenye "natembea, nasikia" linakuwa "alitembea, akasikia". Ni mabadiliko madogo ya kitenzi lakini yanampa pa kusimama. Na kuna faida ya pembeni: kusimulia kwa Kiswahili alichosoma kwa Kiingereza ni mazoezi mazuri kuliko tuisheni nyingi nilizoziona.

Usimgeuzie kikao kuwa mtihani wa mafunzo ya hadithi. Uliza kama mtu anayetaka kujua: huyo mama yao aliamka lini? Wewe ungekula yale matunda ya sumu ya mwishoni mwa kitabu cha kwanza? Akifika kwa Rue, punguza maneno. Mwache amalize maua yote. Kisha kaa kimya muda unaotosha kumenya chungwa, halafu umwulize kuhusu bibi. Usimwulize kama anamkumbuka, atakujibu ndiyo na mlango utafungwa. Mwulize kitu chenye umbo: bibi alikuwa anakuita nani? Mboga gani alikuwa anakupikia ukirudi shule?

Halafu mwulize jambo ambalo litakuwa gumu kwako. Aliambiwa nini kuhusu ugonjwa wa bibi? Katika nyumba zetu ni kawaida kumwambia mtoto "bibi anaendelea vizuri" mpaka siku ya turubai. Kama ndivyo ilivyokuwa kwenu, basi maneno yake kwamba wakubwa wote ni waongo hayakutoka Panem. Yametoka sebuleni kwenu, na mnayajibu kwa kukiri: tulikuficha, tulidhani tunakulinda wewe na mitihani yako, tulikosea. Baba naye awepo siku hiyo, maana ndiye aliyeambiwa.

Kuhusu hofu kwamba kitabu kinamfundisha uasi, mpeleke baba mpaka mwisho wa hadithi. Kiongozi wa waasi, mwanamke aitwaye Coin, akishashinda anapendekeza michezo ileile ifanywe mara moja ya mwisho, safari hii kwa watoto wa Capitol. Mshale wa mwisho wa Katniss haumwendei rais mdhalimu, unamwendea Coin. Kitabu kinachosema "wakubwa waongo, waasi wema" kingekuwa chepesi, na watoto wangekiona chepesi. Hiki kinasema mchunguze hata anayekukomboa. Sisi wenyewe tulikuwa na maneno ya namna hiyo zamani. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, ambako Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, na utetezi wake wote ni visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu wakaleta mema, wakatupwa gerezani. Ukimpa binti yako hicho baada ya hivi, atakwambia mwenyewe vinavyofanana. Kuna na Shamba la Wanyama, yaani Animal Farm ya George Orwell, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, nyembamba, ya jioni mbili tatu. Vyote viwili uliza Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, au kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta.

Safari ya Morogoro naiona ni ya lazima. Kwa treni ya umeme ni kama saa mbili, mnaweza kwenda na kurudi Jumamosi moja. Mpelekeni kaburini, mfanye dua au sala kwa desturi yenu, mpeni nafasi ya kuondoa majani na kumwaga maji kwa mkono wake. Akinyoosha vidole vitatu pale, mama, tafadhali asigombezwe. Na akitaka, anunuliwe daftari zuri la kurasa nyingi, la bibi peke yake.

Mambo ya nyumba nayapitia haraka. Kitandani kitabu hakiingii, wala simu. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa muda wa saa nane hadi kumi kila usiku, na picha za kutisha hupata nguvu gizani. Filamu zisubiri amalize kusoma, kwa sababu kitabuni anaona kiasi anachoweza kubeba na kwenye filamu anaonyeshwa kiasi alichoamua mwingine. Wadogo zake wa msingi wasikalishwe kwenye usimulizi wa jioni. Atakuomba vile vipya pia. Cha 2020 kinakukalisha ndani ya kichwa cha yule rais akiwa kijana wa miaka 18, unamwona akioza taratibu huku anakupendeza. Mimi ningekiweka mpaka afike 16. Cha 2025 kina watoto 48 uwanjani badala ya 24, na unajua tangu mwanzo nani atabaki. Asubiri na hicho. Akitafuta kitu cha kati, ule mfululizo wa Divergent, wa Chicago iliyogawanywa makundi matano na kila kijana wa miaka 16 anachagua lake, si wa kiwango hiki kiuandishi lakini ni mwepesi zaidi kwa mwanzo. Mwisho wake nao una kifo, umwambie mapema.

Nikiri pia kwamba si kila mtoto ningemrudishia. Angekuwa na miaka kumi, au angekuwa ameshuhudia mtu akiuawa kwa macho yake, au anapigwa nyumbani, ningesema kabati lifungwe kwanza tushughulike na hilo. Kama kuna jambo la namna hiyo hukuliandika, ushauri wangu unabadilika.

Sasa hospitali. Huzuni ya msiba ina mawimbi: mtoto analia asubuhi, jioni anacheka na wenzake, kesho hataki kula tena. Hiyo inahitaji nyinyi zaidi kuliko daktari. Kinachonitia wasiwasi ni giza lisilo na mapengo. Jiulize kwa muda wa wiki mbili zilizopita: yuko hivyo karibu kila siku, kutwa nzima? Usingizi umekatika hata bila kitabu, au analala mchana kutwa? Ameacha rafiki zake, ameacha yaliyokuwa yanamfurahisha, nguo zimeanza kumpwaya? Anasema yeye ndiye aliyesababisha bibi afe? Yakiwa mawili matatu, mpeleke. Hospitali za mkoa kama Amana, Mwananyamala na Temeke ni mahali pa kuanzia, na Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Akisema anatamani kufa au kumfuata bibi, au ukiona amejikata ngozi, usisubiri Jumatatu: usimwache peke yake, ondoa dawa na vyenye makali, mpeleke siku hiyohiyo. Mwulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo; kunampa ruhusa ya kusema. Ipo pia simu ya watoto, namba 116, ni bure, wewe au yeye mnaweza kupiga. Iandike ukutani bila kumhutubia.

Vinginevyo jipe wiki tatu nne za jioni hizo, kisha uniandikie tena unieleze amefika wapi, kwenye hadithi na kwenye chakula.

Na unapokitoa kitabu kabatini, kikague kabla ya kumpa. Kutakuwa na ukurasa uliokunjwa kona, au kipande cha karatasi alichoachia alama usiku ule. Kiache palepale kilipo.